Hirizi ya Bibi

Juzi, sokoni Bombambili, niliona mtoto mchanga aliyefungwa hirizi shingoni, nikamkumbuka bibi yangu wa Matogoro.

Yake aliivaa kiunoni tangu usichana kwa kuogopa wachawi, nami niliamini ndiyo iliyomshikilia uhai. Alasiri aliyorudi kutoka kubatizwa, akinukia mafuta matakatifu, aliikata kwa kisu akaitupa motoni. Harufu ya ngozi inayoungua ikajaa jikoni.

“Bibi, utakufa!” nililia.

“Nife kwa lipi, mjukuu wangu? Yesu amenifungua!”

Akapiga vigelegele, tukacheza mpaka vumbi likatimka. Sasa najua kilichokufa kilikuwa woga wake. Kisha akanishika mkono, tukaenda kwa jirani ambaye Bibi alikuwa akimwita mchawi miaka yote.

“Hodi, dada! Nimekuja tule pamoja.”