Kumbikumbi wa Manyoya

Siku yangu ya kwanza kazini, Arua, mwaka 1971, Afisa Samaki wa Wilaya hakunipa nyavu. Alinipa ufito mwembamba unaopindika, akanipeleka nyuma ya ofisi na kuniamuru nivue palepale, nchi kavu.

"Tuliza mkono!" alifoka. "Unafukuza kuku?"

Alijifunza kazi kwenye mito ya baridi ya milimani, akivua samaki aitwaye trauti, na aliamini mstaarabu havui kwa namna nyingine. Wapita njia walisimama kunicheka. Ningekuwa wao, ningecheka pia.

Uvuvi huo hauna chambo. Ndoana hufungwa manyoya ya jogoo kwa uzi wa cherehani hadi ifanane na mdudu, tuliiita nzi. Nzi hana uzito, kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe, mzito, naye hufuata nyuma na kutua majini taratibu. Kwetu West Nile hatuna trauti. Tuna kuyu, samaki wa masharubu, mkaidi kama mkwe. Kiangazi maji huwa maangavu, naye hukuona kabla hujamwona. Masika yakikolea mto huwa uji wa matope. Wakati wake ni mvua za mwanzo, kumbikumbi wanaporuka na kuangukia majini. Basi nikajifunza kufunga kumbikumbi wa manyoya.

Nilipohamishiwa Koboko, kazi yangu ikawa kulinda mazalia. Kubwa lilikuwa kilindi kimoja cha mto huko Kuluba. Serikali ilinilipa mimi, lakini mlinzi hasa alikuwa Mama Keji, mjane ambaye ukoo wake ulikitunza tangu zamani. Kando ya maji alikuwa na kichuguu chake, na kumbikumbi wake ndio waliokuwa kitoweo na biashara yake ya msimu.

Siku moja, baada ya mvua ya kwanza, akaja sajenti mwenye bomu la mkono kiunoni.

"Bwana Samaki, mkubwa yetu iko na wageni. Nataka samaki mingi."

Bomu moja huua wakubwa, vifaranga na mayai. Kilindi kingebaki maji matupu. Niliogopa, sifichi.

"Afande, niache nivue kwanza."

"Na hii manyoya?" Alicheka sana. "Haya. Jua ikifika juu ya ule mti, samaki hakuna, mimi natupa."

Nilirusha, nikarusha. Hakuna samaki aliyepanda. Mama Keji alikuwa ameshakifunika kichuguu kwa mikeka na majani, na kuchimba shimo ili kumbikumbi waingie humo badala ya kuruka.

"Mtoto yangu, samaki inakataa kwa nini?"

"Kumbikumbi hawajaanguka, mama."

Alilitazama lile bomu. Kisha akaenda kichuguuni, akavuta mikeka yote, akaitupa kando.

Waliruka kama moshi. Upepo ukawaangusha majini, na kilindi kikachemka kwa kuyu. Nilivua hadi kifundo cha mkono kikavimba. Sajenti alisahau mti wake, akawa anabeba samaki mwenyewe hadi kwenye gari.

"Bwana Samaki, manyoya yako iko na dawa!"

Alipoondoka, nilimpelekea Mama Keji kuyu mkubwa niliyemficha kwenye nyasi. Akarudi nyuma.

"Hapana, mtoto yangu. Watu ya ukoo yetu hakuna kula samaki ya hapa. Sisi nachunga tu."

Nilisimama na samaki wangu mkononi, shimo lake likiwa tupu. Sijapata kumheshimu mkubwa yeyote wa kazi kama nilivyomheshimu yeye.

Mwaka 1979, vita vilipotufikia, tulikimbilia Kongo, na ufito ukapotelea njiani. Tuliporudi nilitumikia wakubwa wengine, wote watu wa nyavu, hadi nikastaafu. Vijana wa idara huniuliza nilirushaje siku ile, nami huwaonyesha namna ya kutuliza mkono, maana ndicho wanachotaka kujua.

Mama Keji alishatangulia. Kila mvua ya kwanza mimi huenda Kuluba kumsaidia binti yake kufunika kile kichuguu. Tunakifunika pande zote, isipokuwa ule unaotazama maji.