Bibi Mkasi na Meno ya Serikali

Watu walimwita Bibi Mkasi, na asiyejua alidhani jina limetokana na ushonaji. Ni kweli alikuwa fundi cherehani, lakini mkasi uliompa jina haukuwa wa chuma. Tangu usichana wake, alipokuwa bado anafundishwa kushona vifungo, alikata uzi kwa meno. Anashona, anainama, kach! uzi umekatika, huyo anaendelea. Mkasi wa chuma ulikuwa wa kukatia kitambaa. Kuunyanyua kwa ajili ya uzi aliona ni mbwembwe za mafundi wa siku hizi.

Lakini jino nalo si chuma. Meno yakaanza kumomonyoka moja moja, hili likatoboka, lile likavunjika, mpaka taya la juu likabaki na visiki vitupu, na la chini meno machache yaliyokaa mbalimbali kama majirani waliogombana. Jina likabaki, mkasi umekwenda. Hapo mkono wake wa kushoto ukapata kazi mpya. Akisema neno, mkono mdomoni. Akisikia kichekesho, mkono mdomoni na uso anaugeuzia ukutani. Wateja walizoea, wakasema ana haya huyu bibi. Miaka ikapita bila mtu kumwona akicheka. Hata mjukuu wake wa miaka saba, aliyelala naye kitanda kimoja, hakuwahi.

Mjukuu huyo alikuwa mtoto wa binti yake, na binti alishinda nyumba ya wageni akifua mashuka mpaka jua linazama. Kwa hiyo mtoto alikulia chini ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, bibi akimwita "mke mwenzangu" na yeye akimjibu bibi kwa jeuri ile ile ya utani. Sasa mtoto hafuati unachomwambia, anafuata unachofanya. Naye akaanza kusema mkono ukiwa mdomoni. Watu wakafurahi: "Mtazameni, Bibi Mkasi mdogo!" Bibi mwenyewe akaona ni jambo la kupendeza. Mungu amsamehe, maana nyuma ya kile kiganja kidogo gego lilikuwa linaoza na hakuna aliyeliona.

Lilijulikana shavu lilipovimba. Asubuhi moja mtoto aliamka uso umekwenda upande, jicho linakaribia kufumba, mwili wa moto.

"Fungua nione."

Mtoto akatikisa kichwa, mkono ukaenda mahali pake. Bibi alibembeleza, akafoka, akaahidi peremende, ahadi ya ajabu kwa mwenye jino bovu. Wapi! Nesi mmoja aliyekuwa ameleta gauni lake lipunguzwe kiuno akamshika mtoto kidevu, akaacha kuzungumza habari za kiuno.

"Bibi, hili si la kubembeleza. Usaha huu ukisambaa ni hatari. Mpeleke leo kliniki ya meno, ile ya serikali nyuma ya soko."

"Nitawalipa nini, mwanangu? Vifungo?"

"Watoto hawalipi. Na nyinyi wazee hamlipi. Wenye kipato kidogo wanachangia kidogo tu, kilichobaki serikali inabeba."

Bibi Mkasi akaguna. Wanasema rahisi ghali; bure je, itakuwa na bei gani? Lakini alimtazama mtoto, akafunika cherehani, wakaenda.

Alijiandaa kwa ugomvi. Njiani alipanga maneno yote ya kumwambia mtu wa dirishani atakapomwambia rudi kesho. Maneno hayo hakuyatumia, na mpaka leo yanamwasha. Walikaribishwa viti. Ukumbi ulikuwa safi, unanukia dawa yenye karafuu ndani yake. Pembeni yake alikaa mchukuzi wa mizigo wa sokoni, na mbele yao mzee aliyevaa koti la harusi ambalo bega moja lilishonwa vibaya, aibu kwa fundi wake. Wote walikuwa watu wa kaliba yake, watu wa kusimama foleni jua kali, na wote waliitwa mmoja mmoja kwa heshima. Bibi Mkasi akawa anageuka geuka, anatafuta hila iko wapi.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yake. "Shikamoo, bibi," alisema, na kabla ya yote akanawa mikono mbele yao, polepole, mpaka viwiko. Akamweka mtoto kwenye kiti kirefu, akakanyaga kitu chini, kiti kikapanda chenyewe. Mtoto akatoa macho, lakini mdomo ukabaki umefungwa na mkono juu yake. Daktari hakumlazimisha.

"Kwa nini hutaki kufungua, mama?"

Mtoto akajibu ndani ya kiganja. "Bibi naye hafungui."

Hapo Bibi Mkasi akaelewa. Haya zake zote, ule ujanja wa kugeukia ukutani, kumbe alikuwa anamrithisha mtoto. Na sasa urithi huo unataka kumuua. Alitamani kuziba mdomo. Badala yake akamteremsha mtoto, akajipandisha yeye kitini, viatu na vyote.

"Niangalie mimi kwanza, daktari. Na yeye aone."

"Ngoja, bibi," mtoto akasema. Alikuwa mjukuu wa fundi, hakubali kazi bila makubaliano. "Mimi nikifungua, hutaziba tena?"

"Sitaziba."

"Hata ukicheka?"

"Hata nikicheka."

Akafungua. Taa ikamwagika ndani mwake, mahali ambapo kwa miaka mingi hata yeye hakupatazama. Mtoto akapanda kigoda, akachungulia kwenye kioo kidogo cha daktari.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamekata nyuzi, mke mwenzangu. Magauni ya mji mzima yamepita hapa."

Daktari hakucheka wala hakukunja uso. Alipitia kinywa kile kwa utulivu kama mtu anayekagua nguo anayoijali. Alipomaliza, mtoto alikuwa tayari amepanda kitini, mdomo wazi, mikono ameikalia ili isimsaliti. Akapigwa ganzi. Bibi alisubiri ukelele, maana yeye alipong'olewa zamani alisikika mtaa wa pili. Ukelele haukuja. Gego lilitoka, usaha ukatoka, mtoto akauliza kama tayari. Bibi Mkasi akalia yeye.

"Dawa hii mpaka iishe," daktari akasema. "Na wewe, bibi, visiki vikitoka na fizi zikipona tutakutengenezea meno ya juu."

"Meno ya nani?"

"Ya kwako."

Usiku ule hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kwamba mahali fulani kuna ofisi, na ndani yake alikaa mtu asiyemjua, pengine amefunga tai, akaacha kuwaza barabara na madaraja akawaza kinywa cha bibi kizee mshona vifungo! Tena akaona kinastahili. Bibi Mkasi aliwahi kuishangaa mvua, aliwahi kumshangaa mtoto mchanga, lakini jambo hili lilimshinda kabisa.

Visiki vilipong'olewa na fizi kupona, alikabidhiwa kwa fundi wa meno, bwana mpole aliyefanya kazi chumba cha nyuma. Alichukua kipimo cha taya kwa uji mzito uliogandia mdomoni. Akarudi na meno ya nta ya kujaribishia, akayaweka, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. "Huku panavuta," akasema, akapunguza. Bibi Mkasi akapigwa na butwaa. Kupima, kujaribisha, kutazama kwa mbali, kupunguza panapovuta: huyu ni fundi mwenzake, ila yeye anamshonea mtu uso. Alipopewa meno yenyewe na kioo, alimwona ndani yake mwanamke aliyemjua zamani na aliyedhani amekwisha kufa. Akamwamkia.

"Usikatie kitu kwa meno ya mbele, bibi," fundi akamwonya. "Yatachomoka."

"Nimesikia, fundi," akasema, na alisikia kweli. Lakini kusikia ni kwa sikio, na mazoea hayana masikio.

Siku ya kwanza dukani wateja walijaa, wengine bila nguo ya kushonwa. Bibi Mkasi alisema na watu mkono ukiwa chini, ahadi anaitunza, mtoto anamkagua kutoka chini ya meza. Akashona kifungo cha shati, akafika mwisho wa uzi. Akainama. Kach! Akavuta.

Uzi haukukatika. Yalikuja meno, yote ya juu kwa pamoja, yakaning'inia kwenye uzi mbele ya shati la watu, yanabembea na kucheka peke yake.

Mkono wa kushoto wa bibi ukainuka wenyewe, ukafika kifuani, ukafika shingoni. Hapo akamwona mtoto. Mkono wake mdogo nao ulikuwa umeinuka, umefika shingoni, unangoja.

Bibi Mkasi akaushusha wa kwake, akaubana katikati ya magoti. Kicheko kikatoka. Kilianza chini kama cherehani inayowashwa, kikapanda, kikafungua fizi tupu za juu na majirani wale wagomvi wa chini, mbele ya wateja wote, bila ukuta wala kiganja. Mtoto alikisikiliza kitu hicho kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameduwaa. Kisha naye akashusha mkono, akacheka mdomo wazi mpaka pengo la gego likaonekana.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, akifuta machozi kwa mkono ule uliokosa kazi, "hebu nipe mkasi."