Nilivyomsemea Tumpe Hospitalini

Nilipohitimu masomo ya jioni ya lugha ya ishara nilijiona profesa wa Kyela nzima. Jirani yangu Tumpe, ambaye ni kiziwi, alifiwa na mtoto akakosa usingizi, nami nikajitolea kumtafsiria kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nikavaa suti ya mitumba, nikamwingiza kwa daktari pamoja na baba mkwe wake, awe shahidi wa ujuzi wangu.

Tumpe akajifunika kanga, akageukia ukutani.

“Anaogopa watu, daktari,” nikaeleza. “Hata ishara zangu hazitazami.”

Nesi akaniuliza, “Kaka, huyo mzee ni nani?”

“Mkwewe.”

“Wewe umezaliwa wapi? Hujui kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe?”

Mzee akatoka. Tumpe akageuka, akachukua kalamu ya daktari, akaandika: “Nataka kupona. Nitaeleza mwenyewe. Na huyu mkalimani atoke.”