Nyumba ya Abdulatifu, Migomba ya Kokubelwa

Shufaa binti Hemedi hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nalisema hili mapema, kwa sababu wako watu wa Nkwenda waliokaa vibarazani wakimcheka, eti mwanamke mjinga, kapanga nyumba bila kuuliza. Bila kuuliza! Shufaa aliuliza mpaka wenye nyumba wakawa wakimwona kwa mbali wanajifanya wanaswali.

Zama hizo zilikuwa za Wadachi. Mumewe, Seif, muuza chumvi na kaniki, alikufa kwa homa kule Nyaishozi, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Maua, mwenye miaka kumi. Maua alikuwa ameanza kusoma Kurani magotini kwa baba yake, na baba alipofariki masomo yakakatika, kwani Nyaishozi hapakuwa na chuo. Ndipo ikaja habari kwamba Mwalimu Abdulrahim amefungua chuo Nkwenda, na kwamba anapokea hata wasichana. Shemeji yake Shufaa akaguna. Akasema, haya, nendeni, lakini kama hamjapata mahali pa heshima pa kukaa kabla ya mfungo wa Ramadhani, mnarudi hapa, na mtoto anashika jembe kama wenzake, habari ya kusoma imekwisha. Shufaa akamjibu, "Vyema, shemeji," akafunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Hakuwa na mali ila sindano, uzi na mikono miwili ya kushona kofia.

Walitembea siku tatu. Walipofika Nkwenda wakakuta si wao tu. Wachuuzi walikuwa wameleta watoto kutoka kila upande, na kila mwenye paa la nyasi alikuwa amejigeuza mwenye nyumba. Ndivyo ilivyo. Chuo kikifunguliwa, hata banda la mbuzi linapandishwa cheo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja mchangamfu, ukuta umeshikana na mahali panapokamuliwa ndizi za rubisi, ile pombe yao. Shufaa akauliza, "Na walevi je?" Yule bwana akasema, "Walevi wapo, mama, lakini tunafahamiana." Shufaa akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Ya pili ilikuwa bondeni, safi, karibu na maji, mlango wake matete matupu. Akauliza kuhusu wanyama. Mwenye nyumba akakiri kwamba chui alipita juzi juzi akachukua mbuzi wawili. "Lakini watu hagusi," akasema, kama anayemsifu mkwe wake. "Hajawahi kugusa mtu hata siku moja." Shufaa akamwambia, "Basi sitaki mimi niwe mtu wake wa kwanza," wakatoka tena.

Ya tatu ndiyo ya Abdulatifu.

Abdulatifu alikuwa na duka la nguo sokoni, mzee wa kanzu safi na tasbihi isiyotoka mkononi, na wazazi wake walitoka Bagamoyo kama alivyotoka baba yake Shufaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya pembe nne, vyumba viwili, paa jipya, na mlango wa mbao wenye komeo la chuma. Mlango wa mbao, Nkwenda! Ilisimama katikati ya migomba mizuri iliyopaliliwa, hatua mia mbili kutoka chuoni. Shufaa akaingia akagonga kuta. Akatazama paa akiwa ndani, kuona kama mwanga unapenya. Akanusa pembe zote kutafuta panya. Akauliza maji yanachotwa wapi, jirani ni nani, wezi wapo, chui yupo. Mwisho akauliza swali kubwa.

"Nyumba hii ni ya nani, mzee wangu?"

"Yangu," akasema Abdulatifu. "Nimeijenga kwa mikono yangu hii miwili. Wallahi."

"Na ile nyumba ya msonge iliyofungwa kule nyuma?"

"Ya bibi mmoja mzee. Amekwenda Chonyonyo, bintiye amejifungua."

Majirani walipoulizwa nao wakasema ndiyo, nyumba ni ya Abdulatifu, alijenga mwenyewe, tulimwona. Abdulatifu akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shufaa akauza bangili zake za fedha, za harusi, akalipa. Maua akaenda chuoni kesho yake. Jioni alirudi akisoma kwa sauti njia nzima, na mama yake, akishona mlangoni, akamshukuru Mungu kwamba amefika.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Mimi nakwambia: kosa lilitoka kwao, pwani. Mtu wa pwani amelelewa akijua kwamba nyumba ni kitu kimoja na kiwanja ni kingine. Unaweza kujenga nyumba yako juu ya kiwanja cha mwenzio, na wala hakuna ajabu. Babu yake Shufaa alikaa hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo aliuliza nyumba, akauliza paa, akauliza chui, lakini hakuuliza migomba ni ya nani. Na Nyaishozi miaka yote tisa alikaa kambini kwa wachuuzi, hakukaa ndani ya kibanja cha mtu. Kwa Wanyambo, wenyeji wa huku, kibanja ni shamba la migomba pamoja na nyumba iliyomo, kitu kimoja, na waliokufa wa ukoo wamo humo humo, chini ya migomba, bila jiwe wala ukuta. Mgeni hapiti akajua. Ila Abdulatifu alijua. Huyo miaka ishirini anakaa hapa, tena anaongea Kinyambo kuliko Wanyambo!

Baada ya miezi miwili Shufaa akataka choo. Jambo la heshima, mtu mwenye binti. Akamwendea Abdulatifu dukani, akamwuliza achimbe wapi.

"Chimba popote, binti yangu," akasema Abdulatifu bila kuinua macho. "Shamba ni kubwa."

Shufaa akatafuta mahali mbali na mlango, pasipoonekana na wapita njia. Nyuma ya migomba, karibu na ule msonge uliofungwa, akakuta uwazi mdogo uliozungukwa na mimea ya majani marefu ambayo wenyeji huiita mramula. Akaona ni ua uliojiotea wenyewe, sitara tayari. Tena udongo wa pale ulikuwa laini, jembe linaingia lenyewe. Akafurahi, masikini. Akang'oa miche miwili iliyokuwa njiani, akajifunga kanga, akachimba mpaka shimo likamfika magoti.

Ndipo akasikia ukelele.

"Mawe! Mawe!"

Ni bibi kizee, anamlilia mama yake kwa Kinyambo, fimbo mkononi na mzigo bado kichwani. Huyo ndiye Kokubelwa, amerudi kutoka Chonyonyo saa ile ile, hata mlango wake hajaufungua. Mzigo ukaanguka. Bibi akapiga magoti pembeni mwa shimo, akaanza kurudisha udongo kwa viganja, akilia kwa sauti ambayo Shufaa hakuwahi kuisikia hata msibani kwake.

"Unamfukua mume wangu! Amekukosea nini? Wewe ni nani, unamfukua mume wangu?"

Shufaa akaachia jembe. Akatoka shimoni, akapiga magoti naye, akaanza kurudisha udongo. Wakafukia wawili, mgeni na mwenye kaburi, mpaka shimo likajaa. Miche ya mramula, kumbe ndiyo alama ya kaburi, akairudishia kwa mkono wake mwenyewe, akaishindilia.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Mashemeji wa Kokubelwa walikuja na mapanga, wanasema huyu ni mchawi, nyumba ichomwe leo. Kokubelwa akawanyamazisha kwa mkono. Akamwuliza Shufaa, sasa kwa sauti ya chini, nani aliyemweka pale.

"Abdulatifu, bibi. Nimempa kodi ya miezi sita."

"Kodi ya nini?"

"Ya kukaa."

Bibi akaiokota fimbo yake. "Umelipa ili ukae kwangu? Ukamlipa Abdulatifu?" Kisha akaeleza. Abdulatifu alifika pale zamani akiwa mgonjwa hawezi kusimama, wenzake wa msafara wamemtupa. Mumewe akamwokota, akamwuguza, alipopona akamwambia jenga hapa, ukae. Hakumtoza kitu. Mgeni hatozwi. Abdulatifu akajenga, akakaa hata akapata duka lake sokoni, akahamia huko. Msimu kwa msimu alileta chumvi kidogo, kwa shukrani. Mume alipokufa, chumvi ikakoma.

Shufaa hakungoja kunawa. Alikwenda sokoni na udongo mpaka viwikoni, siku ya gulio, watu wamejaa tele, akasimama mbele ya duka.

"Shikamoo, mzee Abdulatifu. Nyumba ile ni ya nani?"

"Marahaba. Ni yangu. Nilikwambia."

"Na ardhi?"

Abdulatifu akasogeza tasbihi. "Bi Shufaa, wewe ni mtu wa kwetu, hebu acha kujifanya hujui. Nyumba ni nyumba, kiwanja ni kiwanja. Mimi nimekupangisha nyumba. Ardhi sikukupangisha."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Si kwa sababu maneno yale yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli huko yalikotoka, naye aliyajua tangu utoto, na mzee huyu alijua kwamba yeye anayajua, ndiyo maana akayatumia.

"Huko kwetu mwenye kiwanja hulipwa! Wewe umemlipa nini yule bibi? Marehemu alikukaribisha bure, nawe umeniuzia ukarimu wake! Na choo je? Ukaniambia nichimbe popote. Ulijua amelala pale."

"Nilidhani utachimba upande wa juu," akasema Abdulatifu.

Soko zima likasikia. Hata yeye alipokwisha kusema, alitamani kuyarudisha maneno kinywani. Mama mmoja muuza maharage akatema mate chini. Shufaa akasema, "Basi ulijua," akageuka akaondoka, kwa maana angekaa pale kidogo tu angemrushia mzani.

Wewe ungedhani mambo yameishia hapo, mwongo kaumbuka, haki imesimama. Thubutu! Jioni Mwalimu Abdulrahim akamwita. Mtu mpole, mwenye elimu, na mwoga kama kifaranga.

"Mama Maua," akasema, "kumsitiri Mwislamu mwenzako ni thawabu. Umemfedhehesha mtu mzima mbele ya wenyeji."

"Na yeye alipomfedhehesha maiti, Mwalimu?"

Mwalimu akapapasa mkeka aliokalia. "Mikeka ya chuo katoa yeye. Mafuta ya taa katoa yeye. Nenda kamwombe radhi. Mpaka hapo, mtoto akae nyumbani kidogo."

Nyumbani! Nyumbani wapi? Kokubelwa alikuwa amemtumia Abdulatifu ujumbe: kama nyumba ni yako na ardhi ni yangu, njoo uchukue nyumba yako. Naye, mtu asiye na haya, akaja kweli na vibarua wawili, akang'oa mlango wa mbao na komeo lake na fremu zake, akaenda navyo. Ukuta ukabaki na shimo. Kodi hakurudisha, na bangili zilikwisha kwenda.

Shufaa akakaa juu ya mzigo wake mbele ya ule mwanya, Ramadhani imebaki siku nne. Akajiona amerudi Nyaishozi, shemeji anacheka, Maua na jembe. Akalia, sikufichi. Akalia kwa hasira kuliko huzuni. Kokubelwa akaja na fimbo yake akasimama mbele yake.

"Inuka," akasema. "Msonge wangu una nafasi. Mtalala upande wa kushoto, karibu na ndama."

"Bibi, mimi nimechimba kaburi la mumeo."

"Na umelifukia kwa mikono yako. Yule aliyekutuma hajaja hata kuniambia pole. Inuka, waitu, ndugu yetu. Hapa mgeni halipi, wala hafukuzwi."

Siku ya tatu asubuhi, kabla watoto hawajatulia, Shufaa alimpeleka Maua chuoni. Hakupiga hodi. Kibarazani watoto wote walikuwa wamekaa kwenye mikeka mipya, na mbele, kwenye kiti cha heshima, alikuwa ameketi Abdulatifu, kaja kuamkia.

"Mama Maua," akaanza Mwalimu, "tulikubaliana..."

"Hatukukubaliana. Wewe ulisema, mimi nikasikia." Akamwongoza mtoto mpaka mstari wa mbele. Akashika ncha ya mkeka, akaukunja hadi udongo wa sakafu ukaonekana, akamketisha Maua hapo chini, juu ya ardhi tupu, akamfungulia msahafu wa baba yake mapajani.

"Mkeka ni wa mzee Abdulatifu," akasema. "Yeye anajua kutenganisha kilicho juu na kilicho chini. Mwanangu hatagusa kilicho chake. Sasa nambie, Mwalimu, mbele ya watoto hawa: ardhi hii nayo ni yake?"

Mwalimu Abdulrahim akamtazama mzee, akautazama ule mkeka uliokunjwa, akamtazama mtoto aliyeketi mavumbini na kidole kwenye mstari, anangoja. Uso ukamwiva.

"Soma, Maua," akasema.

Maua akasoma.