Benchi Lililoupa Moto Mgongo

Ni ile harufu iliyonirudisha. Nilikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega nikichagua mashine ndogo ya kuchomelea vyuma, na muuzaji akaiwasha moja pale kwenye veranda ili nione kwamba hanidanganyi. Cheche zikaruka. Moshi wa kutu na rangi iliyoungua ukanijia puani, na mimi, mtu mzima mwenye miwani na kitambi cha mshahara, nikageuka nikaupa ule moto mgongo, nikatazama ukuta.

"Mwalimu, mashine iko huku," muuzaji akasema.

Kama ulikulia upande wetu wa Matungu, huhitaji nikueleze kwa nini niligeuka. Soko letu lilikuwa na mchomeleaji mmoja tu, jirani yetu, aliyejibanza kando ya kinu cha posho kwa sababu ndipo stima ilipokuwa imefika. Mashine yake aliisuka mwenyewe kwa nyaya za shaba, akaitia ndani ya pipa, ikawa inanguruma kama fahali mwenye kinyongo. Akigusa chuma, kinu kilipunguza mwendo, na wenye mahindi wakampigia kelele: "We! Tuachie nguvu kidogo, watoto watakula nini?"

Kwetu, kitu kilichovunjika hakikutupwa wala hakikupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Kiliwekwa nyuma ya jikoni kungoja siku ya soko. Mguu wa kiti, mpini wa karai, plau iliyokutana na jiwe, vyote vilingoja pamoja kama wagonjwa zahanati. Siku ya soko ikifika, mama alijifunga leso mpya, akafunga viazi vitamu vya moto ndani ya leso kuukuu, na mimi nikasukuma wilibaro yenye vyuma, nikilalamika njia nzima. Kama wilibaro ndiyo iliyovunjika, niliibeba kichwani, na malalamiko yakawa na msingi.

Mbele ya mchomeleaji kulikuwa na benchi, gogo refu lililopasuliwa katikati. Halikumwelekea yeye, lilielekea barabara ya miwa. "Huo mwanga unakulanga macho," mama alituonya, na kwa hiyo wote waliongoja waliketi wakiupa moto mgongo. Ukiwa mtoto, ulidhani hiyo ni habari ya macho tu. Lakini watu walioketi bega kwa bega wakitazama miwa huambiana mambo ambayo wasingeweza kuambiana uso kwa uso. Nilimsikia mke mwenza akimwomba mwenzake msamaha huku akimenya njugu, na maganda yakipeperuka mapajani. Nilisikia uchumba ukivunjika, ukaungwa tena kabla plau haijapoa.

Rafiki wa mama pale alikuwa muuza mandazi kutoka familia ya Kiislamu ya upande wa Mumias. Hawakutembeleana majumbani. Walikutana kwenye benchi, basi. Yule alikuja na sufuria iliyong'oka mkono au kichanja cha jiko kilicholegea, wakabadilishana viazi kwa mandazi ya iliki, na salamu yao ilikuwa moja miaka yote.

"Asalaam aleikum, jirani. Leo umevunja nini?" mama aliuliza.

"Aleikum salaam. Nyumba nzima, isipokuwa mume."

Na walicheka kila mara, kana kwamba utani ule umetoka kwenye mafuta sasa hivi.

Mama sasa ni mzee, na mpaka majuzi bado alikuwa akienda, kwa bodaboda, na kipande chake cha chuma mapajani. Mimi nikaona mateso. Huo ndio ugonjwa wa sisi tuliosoma, tukimwona mtu anakwenda mahali kwa furaha, tunahesabu kilomita. Nikasema nitamnunulia raha. Nilisoma wiki nzima kuhusu mashine. Muuzaji aliniuliza nitachomelea nini, nikamwambia geti, wilibaro, plau na vitu vidogo vya nyumbani. "Basi chukua hii ndogo ya kubeba begani," akasema. "Hiyo kubwa ukiiwasha kwenu, kijiji chote kitalala giza." Nikachukua ndogo, na vijiti vyembamba vya kuchomelea, na kinyago cha kukinga macho kilichonifanya nijione mtu wa maana.

Nikaenda nyumbani Matungu. Kwa siku mbili nilichomelea kila kitu nyuma ya jikoni. Vilipoisha, nilichomelea hata bawaba ambazo hazikuwa na hatia. Mama alisimama mbali, mgongo kwangu, akitazama ndizi zake.

"Umemaliza vyote?" akauliza.

"Vyote, mama."

"Haya. Asante."

Nilipokwenda tena ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta ameketi nje na leso yake nzuri, mikono mapajani, haina kitu. Nikamwambia twende, gari liko.

"Niende kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kusalimia watu."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende kanisani kulala. "Mtu haendangi sokoni mikono mitupu, akae kwa benchi ya watu kama mtu asiye na kwake."

Nilikwenda peke yangu. Mchomeleaji yupo, mvi tupu, na ile mashine ya pipa yupo nayo. Benchi lipo pia, limezama udongoni kidogo. Alikuwa ameketi mtu mmoja tu, muuza mandazi, na kifuniko cha sufuria mapajani. Kando yake alikuwa ametandaza leso kumwekea mtu nafasi. Nikasalimia. Alinijua kwa sauti, kwa maana hakugeuka.

"Mwanangu," akasema akitazama barabara, "siku hizi kwenu hakuvunjiki kitu?"

Nilisema mama hajambo, anasalimia, uongo wa adabu, nikarudi nyumbani. Nikachukua nyundo, nikaenda nyuma ya jikoni, nikaigeuza wilibaro na kuanza kuupiga mguu wake pale nilipoungia. Niligonga mpaka kuku wakakimbilia kwenye migomba. Kumbuka kwamba mimi ni mtu ambaye rafu yake ya vitabu ilianguka mara mbili. Kazi hii moja ya kuunga vyuma, maishani mwangu, niliifanya vizuri.

Mama alitokea na ungo mkononi. Aliitazama nyundo, akanitazama mimi, na nadhani alielewa kila kitu. Akainama, akaugonga mguu ule kwa kidole.

"Acha, baba. Hiyo haivunjiki. Ulichagua mashine nzuri."

Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, akauliza, "Na hiyo mashine yenyewe ikiharibika, inapelekwanga kwa nani?"

"Inarudishwa dukani, mama. Kakamega. Wanakupa nyingine."

"Aah," akasema, akarudi kupepeta mtama.

Mashine iko juu ya kabati, nimeifunika gunia. Nyuma ya jikoni ni pasafi, hapana hata msumari uliopinda. Majirani nao wameanza kununua zao, wakiniuliza ushauri, nami huwaambia sijui. Siku za soko, saa zile za viazi, huwa nafikiria lile gogo linaloelekea miwa, leso iliyotandazwa juu yake, na yule mwanamke anayesubiri kuulizwa leo amevunja nini.