Waache Wawashe Wenyewe

Siku ile ya kambi ya Rangwi haijanitoka moyoni, mwanangu. Nasikia umekubali kujitolea kulea kikosi cha skauti. Nimefurahi. Sasa keti, nikupe nilichopewa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka Tanga, msaidizi wa Mzee Hoza, kiongozi wa kikosi chetu. Vijana walikuwa wamepanda miche kwenye shamba la kijiji, na siku ya mwisho wazazi walialikwa kula chakula kilichopikwa na watoto wao. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha mpaka asubuhi, na baridi ya milimani unaijua, haina adabu. Kuni zote zikalowa.

Vijana walipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Wapi! Moshi tu. Na wazazi walishafika. Mmoja wao, baba yake Saidi, mkulima wa kabichi, alikuwa ameapa kwamba akiona skauti ni mchezo, mwanawe atarudi bustanini siku hiyohiyo. Na Saidi ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Nilipoona machozi yanamlengalenga, nikachukua chupa ya mafuta ya taa, nikainuka.

Mzee Hoza akanishika mkono. "Unakwenda wapi, mdogo wangu?"

"Kuwasaidia, mzee. Tutaaibika."

"Ataaibika nani, wao au wewe?" Akanivuta chini. "Kaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikakaa, shingo upande. Yeye akasogea karibu na mafiga, mahali ambapo mtoto akiteleza angemdaka. Akawauliza jambo moja tu, kwa upole: "Hivi mvua huingia mpaka ndani ya gogo?"

Saidi akalitazama gogo. Akaomba shoka, akalipasua, Mzee Hoza kamkazia macho. Ndani kukavu! Wenzake wakachonga vibanzi, na moto uliposhika walipiga kelele hata kuku wa jirani wakatimua mbio.

Tulikula alasiri. Maharage magumu, ugali unanuka moshi. Baba Saidi akatafuna, wala hakutuangalia. Kisha akamsogezea mwanawe sahani tupu, akamwambia:

"Niongezee, baba."

Habari ya bustani haikutajwa tena.

Basi mwanangu, watoto hawaendi kambini kukutengenezea wewe jina. Penye hatari, penye shoka, moto au mto, kaa karibu nao, wala jicho lako lisibanduke. Lakini penye ugumu tu, funga mikono yako. Uliza, usiwatendee. Wazazi wakinung'unika, wakaribishe waketi nawe. Na chakula watakachokupikia ukile, wala usikunje uso. Mtoto husoma uso wa mkubwa kabla ya maneno yake.

Mola akupe macho ya kuwalinda na moyo wa kuwangoja. Awarudishe kwao salama kila safari, na wakishakuwa watu wazima, wakutaje kwa wema hata usipokuwapo. Amina, mwanangu. Nenda na heri.