Mgongo wangu ulikataa kupona, kumbe ni majani chai

Wakuu, chamgei! Hii ni ukweli tupu, na mkicheka niko sawa, mimi mwenyewe bado nacheka.

Mimi ni msichana wa Litein, nanyanyua vyuma vya mashindano. Mazoezi nafanyia gym moja Kericho, na nilikuwa nalenga trials za timu ya kaunti.

Siku moja nikivuta snatch, ile ya kupeleka chuma juu ya kichwa kwa mpigo mmoja, mgongo ukashika huku chini. Woi! Niliangusha chuma nikakaa sakafuni.

Fizio wetu, mama wa Kapsoit asiye na mchezo, akaniambia, "Chebet, usibebe kitu kizito mpaka niseme. Ukibeba, sahau trials."

Nikatii. Gym sikukanyaga. Wenzangu wakiposti video nazima data, wivu inaniua.

Lakini kupona wapi! Kila nikirudi clinic uchungu ni ile ile. Fizio anashangaa, kocha ameanza kuangalia msichana mwingine. Nililia, sitadanganya.

Sasa siku moja fizio akipitia Litein, akanikuta kwa buying centre yetu, pale tunapimiwa majani chai, gunia la majani mgongoni, kamba kwa kichwa, nikipiga stori na majirani.

"Chebet! Hiyo ni nini?"

"Majani, daktari."

"Si nilikukataza kubeba?"

"Lakini hii si vyuma. Hii ni kazi ya nyumbani."

Wakuu, nilikuwa serious kabisa! Kwetu nani huhesabu chai?

Laini yote ilicheka mpaka karani akasahau mizani. Mama yangu, naye kwa laini, alishika mdomo, maana ndiye alikuwa ananifunga gunia akisema, "Kwa vile hauendi gym, uko na nguvu mingi."

Kutoka hapo mama alinikataza hata sufuria ya ugali. Ndugu yangu akabeba majani akinung'unika, na uchungu ukaanza kupungua polepole.

Siku ya trials nilivuta, nikasubiri mgongo uongee. Kimya! Taa za waamuzi zote nyeupe, chuma imekubaliwa. Niko kwa timu, wakuu! Niliruka kama ndama amefunguliwa.

Mama akamshika fizio mkono. "Kwa hivyo amepona kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Kongoi mising, asante sana. Kesho tunachuna majani."

Sasa mjue: ukiambiwa upumzike, taja kazi zako zote, hata zile umezaliwa ukizipata.

Nyinyi mlijiumiza na nini mkidhani mmepumzika? Andikeni haraka, ndugu yangu ameshaniletea gunia anacheka.